Kikombe Nilichokiweka Chini

Nilisomea adabu nikiwa na miaka arobaini na mbili, tena kwa kulipia. Mama yangu aliposikia alicheka mpaka akajishika ubavu. "Kwa hiyo mimi nilikulea bure?" akauliza. Nikaendelea kufunga sanduku.

Nilikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja ya Tabora kwa miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo niliona wazee wakijibiwa na watu ambao macho yao yako kwenye simu, na wakulima waliotoka Bukene tangu alfajiri wakiambiwa waje kesho bila hata kutazamwa usoni. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilikuwa nainuka, nampa mzee kiti changu, halafu nageuka kumsema mwenzangu mbele ya watu wote. Siku moja mkuu wangu akaniita pembeni, akaniambia ninafundisha adabu kwa utovu wa adabu. Iliniuma kwa sababu alisema kweli. Niliposikia kuna mafunzo ya wiki tisa Dar es Salaam, ya kuwaandaa walimu wa adabu watakaofundisha wahudumu wa hoteli, makarani na maharusi, niliomba likizo bila malipo nikaenda.

Mwalimu wetu alikuwa mama mwembamba aliyestaafu kazi ya kupokea wageni wakubwa. Siku ya kwanza alituingiza mlangoni mara kumi na moja. Hakusema tumekosea nini. Alikuwa akitutazama tu, kisha anasema, "Tokeni, mwingie tena." Mara ya kumi na moja nilichoka kujionyesha, nikaingia nikimtazama yeye badala ya kujitazama mimi, naye akaitikia kwa kichwa na kuniambia niketi. Sijapata kuona mtu anayejua kunyamaza kama yule. Alikuwa na uwezo wa kumfanya mtu mzima aone aibu, na dakika ileile amwondolee aibu hiyo, bila kufungua mdomo. Nilimwogopa na nilitamani niwe yeye.

Tulijifunza uma na kisu, kupeana mikono, kutambulisha watu, namna ya kumwambia bosi kwamba zipu yake iko wazi. Lakini wiki ya sita alituambia kila mmoja afundishe kanuni moja ya nyumbani kwao. Mimi nilifundisha ya bibi yangu wa Bukene. Kwa bibi, anayeleta kinywaji ndiye anayekionja kwanza mbele ya mgeni, kisha anamkabidhi. Huko ndiko kuondoa sumu. Mgeni naye hagusi mpaka aone mwenyeji ameonja, iwe pombe, togwa au maji ya mtungini. Wenzangu walicheka, mmoja akauliza kama Wanyamwezi tunawindana. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Huyu mwenyeji anaapa kwa mdomo wake kwamba mgeni yuko salama. Rudia." Nikarudia mara tatu, na ya mwisho wakanipigia makofi. Nilirudi Tabora na cheti, na maringo ambayo watu wa nyumbani waliyaona kabla sijashusha mizigo.

Rafiki yangu mmoja ni jirani yangu wa mtaa wa Gongoni, tumekua ukuta kwa ukuta. Ni wa familia ya Kiarabu iliyokuja na biashara enzi za misafara ikabaki, na yeye mwenyewe ana duka la vitambaa. Mwingine ni muuguzi, Mmoraviani kama mimi, mtu wa mizaha hata wodini. Kwa miaka tulikuwa tunaahidiana kwenda likizo nje ya nchi, sisi watatu, bila waume wala watoto. Mwaka huu ndipo ikawa, na mahali palichaguliwa na ugonjwa wa mama yake jirani yangu.

Mama yule moyo wake umechoka. Alikuwa hatoki chumbani ila kwa kushikwa mkono. Alikuwa na dada mmoja tu, aliyemzidi miaka minane, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Dada huyo aliolewa Oman, akaondoka Tabora miaka arobaini na kitu iliyopita. Siku ya kuondoka kwake nusu ya Gongoni ilikwenda stesheni kumsindikiza. Mdogo wake hakwenda. Alijifungia ndani, akapiga komeo, na treni ikaondoka. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Vifurushi vilikuwa vinakuja kutoka Oman, halua na vitambaa na udi, kila kimoja kimeandikwa jina la mwenyewe, mpaka wapangaji walikuwa wanapata. Kwa mdogo wake hakijaja hata kimoja.

Sasa mama alikuwa anataka radhi ya dada yake kabla hajafa. Alilisema hivyohivyo, bila kuzungusha. Binti yake alikuwa hawezi kulibeba neno hilo mwenyewe, kwa sababu mtoto haingizi mkono katika ugomvi wa wakubwa zake. Alihitajika mtu wa nje. Kabla hajamaliza kunieleza nilishasema niachie mimi, hii ndiyo kazi yangu. Muuguzi akanitazama kwa jicho la pembeni. "Umepewa cheti juzi tu," akasema.

Tulikwenda kumuaga mama. Alinishika mkono, mkono wake mwepesi mno. "Mwambie naomba radhi," akasema. "Asipotoa, msimbane. Mrudi tu salama." Nikamuuliza, kwa ujasiri ambao sasa unanishangaza, kwa nini hakwenda stesheni siku ile. Akageukia ukutani. Binti yake akanikanyaga mguu.

Tulipanda basi mpaka Dodoma, halafu treni ya umeme mpaka Dar es Salaam. Muuguzi alilala. Mimi nilikaa dirishani, nikawa nafikiria kwamba babu zetu waliipita nchi hii kwa miguu, wamebeba pembe na vitambaa vya watu, miezi mitatu kwenda, na mimi naipita nikinywa soda. Jirani yangu akasema na babu zake yeye waliipita hivyohivyo, ila wao wamepanda punda. Tukacheka, kisha tukarudi kutazama nje. Siku iliyofuata tukapaa.

Oman ilinifunga mdomo, jambo ambalo wenzangu waliliona ni muujiza. Mimi ni mtu wa miombo, nimezoea kwamba nchi lazima iwe na miti. Kule milima imesimama mitupu, kahawia, mikubwa kuliko nilivyojua mlima unaweza kuwa, na chini yake mji mweupe umekaa kimya. Sokoni Matrah mzee mmoja muuza vitambaa alitusikia tukizungumza, akauliza kwa Kiswahili tunatoka wapi. Tukasema Tabora. Akainuka kwenye kiti. "Tabora wapi? Ng'ambo? Cheyo? Gongoni?" Tukasema Gongoni. Yule mzee alivua kofia yake, akaishika mkononi, na machozi yakamtoka palepale mbele ya wateja wake. Alizaliwa Kanyenye, Tabora hukohuko. Hakuwa na la kutuuliza, alitaka tu tuendelee kusema. Tukasimama pale tukizungumza mambo ya ovyo, bei ya nyanya na vumbi la Agosti, na yeye anasikiliza amefumba macho.

Mama mkubwa, kama tulivyomwita wote watatu kwa kumfuata jirani yangu, alikuwa anakaa Nizwa, nyumba kubwa yenye mitende nyuma. Nilitegemea kikongwe mkali. Tulimkuta mama mrefu, mnyoofu, mwenye macho ya kucheka, aliyetupokea mlangoni mwenyewe. Tukasema shikamoo, akaitikia marahaba ya Tabora kabisa, ile ya kuvutwa. Wanawe na wake zao walikuwa wakizungumza Kiarabu, lakini Kiswahili chake hakikuwa na kovu. Tulimpa asali ya Tabora. Akachovya kidole, akakaa na ladha ile mdomoni muda mrefu.

Siku mbili alitulisha. Kwao mgeni haulizwi kilichomleta, analishwa na kupumzishwa mpaka aseme mwenyewe. Aliuliza habari za Tabora yote. Aliuliza stesheni imepakwa rangi gani siku hizi, nani anauza katika duka la pembeni ya msikiti, kama watu bado wanakula uyoga wa masika. Aliuliza paka wa nyumbani kwao wa siku hizi ana rangi gani. Mdogo wake hakumuulizia. Alikuwa akilizunguka jina lile kwa ustadi ambao ningeusifu darasani, na mimi niliuona nikaogopa. Nilitambua kwamba nimeletwa mbele ya mtu aliyeniacha mbali katika kazi niliyojidai ni yangu.

Usiku nilikuwa naandika hotuba yangu na kuikata. Ilikuwa na utangulizi, salamu, sifa za mwenyeji, kisha ombi. Nikamsomea muuguzi. Akasema ni nzuri sana, ingefaa kufungulia kikao cha bodi.

Asubuhi ya tatu, kama saa nne, tulikaa sebuleni kwa wanawake, tumevua viatu, tumekunja miguu kwenye zulia. Sinia la tende lilikuwa katikati. Mke wa mwanawe alikuja na birika la kahawa mkono wa kushoto, vikombe vidogo mkono wa kulia. Siku mbili zilizopita alikuwa akimmiminia mama mkubwa kwanza, naye anakunywa, kisha sisi, na mimi sikuwa na la kufikiria. Siku hiyo akaanza na mimi. Labda walikwishaona kwamba mimi ndiye mwenye neno. Nikakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, nikasubiri mwenyeji aonje. Mama mkubwa hakuonja, alikuwa ananitazama. Basi nikafanya kile ambacho bibi yangu wa Bukene angekifanya, na ambacho nilipigiwa makofi kwa kukifundisha: nikakiweka kikombe chini mbele yangu, nikakunja mikono, nikangoja.

Yule mke wa mwanawe alisimama na birika lake, hakumimina tena. Binti mmoja aliyekuwa anamenya chungwa akaacha. Jirani yangu alikuwa amebadilika rangi. Nilijua nimekosea, ila sikujua nimekosea nini, na hakuna hofu mbaya kama hiyo kwa mtu mwenye cheti.

Mama mkubwa akaniuliza, polepole, "Mwanangu. Unaniogopa, au unaniomba?"

Sikuelewa. Akaona sielewi, akanisaidia, na mpaka leo nashangaa jinsi alivyonisaidia bila kunidhalilisha. "Kwenu Unyamwezini mtu huweka kikombe mpaka mwenyeji aonje, kwa kuogopa sumu. Najua, nimekulia huko. Hapa mtu haweki kahawa chini bila kuinywa isipokuwa ana haja kubwa. Anasema, sitakunywa yako mpaka unipe ninalolitaka. Na mimi nikiiacha ipoe mbele yako, ni aibu ya nyumba hii. Sasa niambie wewe umekiweka kwa lipi."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Ningesema ni lile la kwetu, samahani, tukacheka, nikanywa, hotuba yangu nikaisoma baada ya tende. Ungekuwa ukweli mtupu. Lakini nikamkumbuka yule mama wa Gongoni aliyegeukia ukutani, na nikaona kwamba sitapata fursa nyingine kama hii, kwamba ombi lake nimelifikisha kwa ujinga wangu mpaka mlangoni pa dada yake, na nikiliondoa sasa nitakuwa nimelificha makusudi. Hotuba yote ikanitoka kichwani.

"Kwa yote mawili, mama mkubwa," nikasema. "Nakuogopa. Na nimeleta ombi. Mdogo wako anaumwa moyo. Anaomba radhi yako. Amesema usipotoa tusikubane."

Mvuke wa kahawa ulikuwa bado unapanda, mwembamba, na sote tulikuwa tunautazama. Jirani yangu alikuwa analia bila sauti, amejifunika kwa ncha ya mtandio. Mama mkubwa alianza kusema, lakini alikuwa hasemi na sisi. Alisema siku ile alisimama kwenye mlango wa behewa. Alisema watu walikuwa wanampungia, naye anapunga, huku anatafuta uso mmoja. Alifikiri amechelewa, atakuja anakimbia. Treni ilipoondoka alifikiri labda amekwenda kusimama mbele kwenye kivuko cha reli. Wakafika stesheni ya Igalula yeye bado yuko mlangoni. "Nilimlea mimi," akasema. "Nilimfunga mgongoni na mimi mwenyewe ni mtoto."

Kisha akanyoosha mkono, akachukua kikombe changu. Nilifikiri anakiondoa, kwamba ndiyo namna yao ya kukataa. Akakipeleka mdomoni, akanywa nusu. Akakirudisha mikononi mwangu, akavifunga vidole vyangu juu yake kwa vidole vyake.

"Haina sumu," akasema. "Kunywa. Umepewa."

Nikanywa. Ilikuwa chungu, na ya vuguvugu, yenye iliki. Nimekunywa vinywaji vingi, sijawahi kunywa kitu kwa heshima namna ile. Mwanamke huyu alikuwa amechukua kanuni ya kwetu na kanuni ya kwao akazijibu zote mbili kwa tendo moja, wala hakuna aliyebaki na aibu chumbani mle. Wiki tisa nilifundishwa, na hilo hakuna aliyeweza kunifundisha.

"Mpigieni," akasema.

Kule simu za kuonana sura hazipiti kwenye kila programu. Simu yenye programu inayokubali ilikuwa yangu, kwa hiyo nikapiga mimi. Gongoni ilikuwa saa tatu. Akapokea mkamwana anayekaa na yule mama mgonjwa, tukamwambia ampelekee simu. Tukaona dari, tukaona mto, kisha uso. Nikampa mama mkubwa simu.

Walitazamana. Sijui muda gani. Kila mmoja alikuwa anamtafuta mwenzake ndani ya uso wa mzee asiyemjua.

"Shikamoo, dada," akasema mdogo.

Nimeisema na kuiitikia salamu hiyo maisha yangu yote, na siku ile ndiyo niliyoiona. Haiwezi kuachwa hewani. Haina jibu la hasira. Mdomo wa mama mkubwa ulitetemeka, ukakataa, kisha ukakubali. "Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu." Akavuta pumzi. "Kwa nini hukuja?"

Tulisikia jogoo wa Gongoni kwenye simu. "Ningekuja ningekuomba ubaki," akasema mdogo. "Na nikikuomba jambo hujawahi kuninyima."

Mama mkubwa alifumba macho. Mumewe alikwishafariki, alimpenda, alituambia jana yake, alimpenda sana. Wanawe walikuwa wamemzunguka, wajukuu uani. Aliyapima yote hayo mbele yetu, miaka arobaini na kitu, na hakuna aliyethubutu kusogea.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Ningebaki."

Muuguzi, mtu wa mizaha, alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Kisha mama mkubwa akainuka, kwa kujisukuma gotini, akatoka na simu yangu mkononi, sisi nyuma yake. "Radhi umepata," alikuwa anasema huku anatembea. "Lakini deni la kusindikizwa silisamehi. Inuka unisindikize."

"Dada, siwezi kutembea."

"Mpaka getini tu. Mimi natembea na wewe."

Tukaona picha ikiyumba. Tukaona mlango wa chumba, korido, ndoo ya buluu, mkono wa mkamwana ukimshika kiwiko. Tukamsikia anahema na kupumzika, na muuguzi, kwa sauti ya wodini, akamwambia apumue kwa pua. Huku Nizwa mama mkubwa naye alikuwa amepunguza mwendo wake, akisimama kila mwenzake aliposimama, mpaka akafika kwenye lango lake la chuma. Kule likasikika geti la Gongoni likifunguka, na nyuma ya uso wa yule mama tukaona barabara yetu, na bodaboda ikipita.

"Nimefika," akasema mdogo. Alikuwa amelowa jasho na machozi, na alikuwa anacheka.

"Haya. Rudi ndani, jua kali."

"Tangulia wewe. Wewe ndiye unayeondoka."

"Rudi, usije ukaanguka."

"Tangulia, dada. Nakuangalia."

Wakabaki hivyo, kila mmoja kwenye lango lake. Mama mkubwa akaniletea simu niizime, huku bado anapunga mkono. Nilikuwa nimefundishwa, na nimewafundisha wengine tangu hapo, kwamba aliyepiga simu ndiye anayekata. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaielekeza kwake ili aendelee kuonekana kule Gongoni. Sikukata.